Je, Wajua? Mchoraji Hatupi Kitu!

Wewe uliye Sironga, huko Gusii, hebu inama uchote udongo mwekundu hapo miguuni pako. Wekundu huo ni madini ya chuma, na ni rangi kongwe kuliko zote unazouziwa dukani. Kule Olorgesailie, kusini magharibi mwa Nairobi, watafiti walifukua vipande vya mawe ya rangi, vyekundu na vyeusi, ambavyo binadamu walivibeba hadi pale zaidi ya miaka 300,000 iliyopita. Laki tatu, msomaji wangu!

Turudi Gusii kwanza. Unayajua yale mawe ya sabuni ya Tabaka? Ni laini kiasi kwamba ukucha wako unaweza kuyakwaruza. Chukua sahani moja iliyopakwa rangi nyeusi, yenye pundamilia au twiga, uitazame kwa karibu. Ile mistari myeupe unayodhani imechorwa haikuchorwa kamwe: fundi alipaka rangi sahani nzima, akaikwangua kwa ncha kali hadi weupe wa jiwe ukachungulia. Picha imepatikana kwa kuondoa rangi!

Na kama hukuwa na habari, mwana wa Tabaka, Elkana Ong'esa, alichonga ndege wa amani ambaye makao yake leo ni makao makuu ya UNESCO, Paris. Jiwe la Kisii limefika kwa wakubwa.

Umeshawahi kutupa pakiti ya unga? Rosemary Karuga asingekubali. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, miaka ya 1950, kisha akarudi kijijini kufundisha. Alipokaribia umri wa miaka 60, hela ya rangi haipo, akaanza kuchanachana pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazibandika kipande kwa kipande hadi zikawa kuku, majirani na kina mama shambani. Kazi hizo zilipelekwa kuonyeshwa ng'ambo. Sabuni imeogewa, karatasi imesafiri!

Sane Wadu je? Alikuwa mwalimu, akaacha chaki akashika brashi, akawa anachora hadi kwenye nguo alizovaa. Watu wakasema akili zimemruka. Naye akajibadilisha jina, akajiita Sane, yaani kwa Kiingereza mwenye akili timamu!

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji!

Ndizi nazo usizidharau. Mwaka 1960 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilichukua mchoro wa Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro. Unaonyesha nini? Wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi, usiku! Mwaka uliofuata Tanganyika ikapata uhuru, na mchoraji huyo huyo akawa balozi wake London.

Kaa vizuri, hii naipenda kupita zote. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, hachori kwenye turubai kama wenzake. Anachora kwenye lubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba kutoka Uganda, na matundu na mishono yake huyaacha yaonekane, kisha anaijenga picha kuyafuata. Mti wenyewe haukatwi: unabanduliwa gome, kidonda kinafungwa kwa majani ya mgomba, na gome linaota upya. Sasa sikia bei. Mwaka 2019 mchoro wake mmoja uliokadiriwa kuuzwa kwa dola 50,000 hadi 70,000 ulinadiwa New York ukafika dola milioni 1.5. Na kidonda cha mti kinafungwa kwa majani ya mgomba hayo hayo ya nyuma ya jikoni kwenu!

Claude Monet wa Ufaransa alichora malundo ya nafaka ya jirani mara 25 hivi, kati ya 1890 na 1891. Mwanga ukibadilika, anaweka turubai moja kando, anachukua nyingine. Niambie, kwa milima ya Manga asubuhi yenye ukungu angehitaji turubai ngapi?

Ukiona picha imekwisha, usiamini. Mwaka 2008 wanasayansi walimulika kwa eksirei mchoro wa Vincent van Gogh wa kipande cha nyasi, wakakuta uso wa mwanamke umelala chini yake. Van Gogh hakuwa na pesa ya turubai mpya, akachora juu ya ile ya zamani.

Halafu kuna mchoraji Pierre Bonnard. Inasimuliwa kwamba aliingia jumba la makumbusho na rangi mfukoni, rafiki yake akampigisha mlinzi soga, naye akaurekebisha mchoro wake mwenyewe uliokuwa umeshanunuliwa na kutundikwa ukutani! Ukinunua picha ya mchoraji, msomaji, mkaribishe chai sebuleni kwako, lakini usimwache peke yake.