Pareto ya ushago inalipa, lakini jua nani atakulipa

Kama ushago kwenu ni Molo, Kuresoi, Kinangop au kule juu Elgeyo Marakwet, muulize shosho akuonyeshe lilikokuwa shamba la pareto. Atakuonyesha bila kufikiri. Maua yale meupe yenye kitovu cha manjano hayakuwa ya kupamba harusi. Ndiyo yaliyolipa karo ya wengi wa rika la wazazi wako.

Pareto ni ya ukoo mmoja na alizeti. Ndani ya ua lake mna pairethrini, sumu inayovuruga neva za mdudu akaanguka chali, lakini haina makali kwa binadamu ikitumiwa inavyopaswa. Jua huivunjavunja haraka, ndiyo maana wanaolima bila kemikali za viwandani huipenda. (Nyuki na samaki wako hatarini, kwa hivyo usiimwage mtoni eti ni ya asili.)

Mmea huu ulifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Vita vya Pili vya Dunia vilipoikatiza Japani kwenye soko, Kenya ikashika uongozi na kuuweka kwa miaka mingi. Leo Tasmania, kisiwa cha Australia, ndicho kinachoongoza, tena wanavuna kwa mashine.

Tulianguka vipi? Miaka ya 1970 maabara zilileta kemikali za kuiga pairethrini ambazo zinastahimili jua, na soko likayumba. Lakini ukimsikiliza guka, atakwambia alichong'olea pareto ni malipo. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, bodi ya serikali kule Nakuru, na pesa zilipochelewa mwezi, kisha mwaka, watu walipanda viazi. Udongo haukuwa na makosa yoyote. Sheria ya 2013 ilifungua mlango kwa kampuni za kibinafsi, kwa hivyo wewe unaweza kuchagua wa kumuuzia, jambo ambalo guka hakuwa nalo.

Sasa hesabu. Pareto inataka mwinuko, takriban mita 1,700 kwenda juu, kwa sababu baridi ndiyo inayoamsha maua. Ploti yako ya Kitengela isahau. Miche hupandwa mvua zikianza, sentimita 30 kati ya mche na mche na 60 kati ya mistari, mahali ambapo maji hayatuami. Baada ya miezi minne hivi unaanza kuchuma, na msimu wa maua ukiwa umechanganya unarudi shambani kila wiki mbili au tatu. Huo ndio utamu wake: mahindi hukulipa mara moja, pareto inakulipa kidogo kidogo, na shina moja hukaa miaka mitatu au zaidi.

Uchumaji ndipo vijana wengi wa mjini huchomeka. Ua huchumwa kwa mkono, bila kikonyo, petali zikiwa zimetandaa mlalo na sehemu kubwa ya kitovu imefunguka. Ukiwahi sana, dawa bado haijajaa. Ukichelewa, inapungua. Maua yenye umande usiyaguse. Kisha uyaanike siku hiyo hiyo, yakiwa yametandazwa kwa safu nyembamba. Ukiyashindilia kwenye gunia la plastiki yatapata joto, yachachuke, na kazi ya wiki nzima iende. Kilimo cha simu, kile cha kutuma M-Pesa na kungoja picha WhatsApp, kwa pareto ni kutafuta hasara. Lazima awepo mtu wa kuaminika pale, na umlipe vizuri.

Kumbuka pia kilo nne au tano mbichi hutoa moja kavu. Anayekupigia hesabu ya faida kwa maua mabichi anakuchezea.

Kabla ya kununua hata mche mmoja, mwendee mnunuzi na umwombe mkataba wa maandishi. Bei ni ya kilo, au inategemea kiwango cha pairethrini? Kama ni kiwango, nani anapima, na utaonyeshwa matokeo? Pesa zinaingia baada ya siku ngapi? Kisha tafuta wakulima wawili watatu wanaomuuzia tayari na uwaulize swali hilo la mwisho, yeye akiwa hayupo.

Majibu yakiridhisha, anza na robo ekari. Mazao yakianza kushuka, ng'oa mashina yako yenye afya, yagawanye vipande vyenye mizizi, na uyapande kwingine. Miche ya shamba la pili hutahitaji kuinunua.