Linkin Park na 'From Zero': Mbona Mafans Wamegawanyika Katikati?

Ukitaka kuharibu amani kwa keja iko na watu wa rok, weka tu "The Emptiness Machine" halafu uulize swali moja: hii ni Linkin Park ama si Linkin Park? Kisha tafuta kiti. Mimi nilifanya hivyo kwa bathdei ya cuzo wangu na keki ilikatwa saa mbili baadaye.

Albamu yenyewe ni From Zero, na ilitoka Novemba 15, 2024. Ngoma 11, dakika kama 32 hivi zote. Ukitoka Rongai asubuhi utaimaliza mara tatu na bado uko kwa jam. Iliingia namba 1 Uingereza na namba 2 kule kwao Marekani, kwa hivyo usidanganywe na mtu ati bendi ilirudi ikakosa watu. Watu wako. Shida ni venye hao watu hawaelewani.

Kwa wale hawakuwa area, wacha nirudishe kanda kidogo. Chester Bennington, ile sauti ya "Numb" na "In the End", alijitoa uhai Julai 20, 2017 akiwa na miaka 41. Kwa wengi wetu hapa Nairobi hiyo sauti ilitufikia kwa saiba ya mtaa, ama kwa flash ya msee wa darasa, ama kwa mathree zikipiga "Numb/Encore" ile walifanya na Jay-Z. Hatukuwa ata tunajua sura ya jamaa. Tulijua tu ukikosana na wazazi, ukifukuzwa shule juu ya fii, kuna msee mahali analia hiyo kitu kwa niaba yako. Mimi nilipoachana na koli, Meteora ndio iliniweka wiki mzima. Sijawai ambia mathe hiyo.

Baada ya Chester kuenda, bendi ilinyamaza. Oktoba 2017 walifanya shoo moja ya kumkumbuka pale Hollywood Bowl, Los Angeles, na walipofika kwa "Numb" hakuna mtu aliimba kwa steji. Maiki ilisimama peke yake, bendi ikapiga vyombo, na umati ndio uliimba ngoma yote. Ukitaka kuelewa hasira za sai, anzia hapo. Kuna mafans waliambiwa na hiyo maiki tupu kwamba hiyo nafasi haijazwi. Hakuna mtu wa bendi aliwahi kusema hivyo kwa mdomo, lakini ndivyo walisoma.

Sasa Septemba 5, 2024, Mike Shinoda na wenzake wanatokea laivu na dame kwa maiki. Emily Armstrong, kutoka bendi ya Dead Sara. Kwa drams pia kuna sura mpya, Colin Brittain, juu Rob Bourdon hakurudi. Na Brad Delson wa gitaa bado ni memba lakini kwa tua haendi. Ukipiga hesabu, steji iko na watu watatu tu wa zile siku za Hybrid Theory: Mike, Joe Hahn na Phoenix. Kuna mafans hiyo hesabu pekee iliwatosha. Hawakungoja kuskia ngoma ata moja.

Na hapa lazima tuseme ukweli, si kila mtu alikataa Emily juu ya sauti. Mwaka wa 2020 alikuwa ameonekana kortini kwa kesi ya Danny Masterson, yule mwigizaji ambaye baadaye, 2023, alipatikana na hatia ya ubakaji na akafungwa miaka 30 hadi maisha. Emily aliandika kwamba alienda kama mtazamaji, akagundua alikuwa amemsoma huyo jamaa vibaya, na hawajaongea tena tangu hapo. Wengine walikubali hiyo maelezo. Wengine, haswa wale nyimbo za Chester ziliwabeba wakipona mambo kama hayo (na Chester mwenyewe alisema waziwazi kwamba alinyanyaswa kingono akiwa mtoto), waliona hiyo barua ni fupi sana. Mmoja wa watoto wa Chester pia alijitokeza hadharani kukosoa bendi. Hao siwezi waita wanoko. Mtu akiniambia hawezi skiza juu ya hiyo sababu, naheshimu, sina la kuongeza.

Lakini wale wanasema albamu yenyewe ni takataka, hao tunaweza bishana.

Skiza "The Emptiness Machine" tena. Mike ndiye anaanza, anaimba vesi ya kwanza, anaimba korasi, unafikiria basi ni yeye tu. Emily anaingia vesi ya pili. Walijua. Walikupea sauti unajua kwanza ndio usishtuke, kama mtu anakuletea baba wa kambo na anaanza kwa kukununulia chips. "Heavy Is the Crown", ile ilitumika kwa mashindano ya dunia ya gemu ya League of Legends 2024, iko na ile kelele ya Emily inaenda na haikatiki. Kila fan wa kitambo akiiskia anakumbuka "Given Up" ya 2007, pale Chester alishikilia sekunde 17. "Two Faced" nayo ni 2000 kabisa: gitaa nzito, Mike anarapu, Joe Hahn anakwaruza sahani. Ukiwekewa na huambiwi ni ya mwaka gani, utasema ilibaki kwa droo wakati wa Hybrid Theory.

Na hiyo ndio lawama ya pili. Kuna kikosi kinasema Emily ako sawa, shida ni albamu imecheza chini ya kivuli. Ati walichukua vipande vya zamani wakavipanga upya, bila kuthubutu kitu. Enyewe kuna ukweli hapo. "Stained" mimi huiruka. Na dakika 32 baada ya kungoja miaka saba, maze, ni kama kualikwa harusi ukapewa soda na andazi.

Lakini hebu tukumbuke hii bendi imetoka wapi na mafans wake. 2010 walitoa A Thousand Suns, wakajaribu sauti tofauti kabisa, na watu wakalia gitaa zimeenda wapi. 2017 wakatoa One More Light, pop imeingia sana, na hiyo ilikuwa vita. Watu waliwaita wasaliti. Chester mwenyewe alikasirika kwa mahojiano akawajibu mafans na maneno ya moto. Albamu ilitoka Mei 19. Miezi miwili baadaye hakuwa. Leo mtu akitukana One More Light mbele ya fan anaweza chapwa, na ni hao hao walikuwa wanaitukana. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa naiita mziki wa supamaketi.

Kwa hivyo mafans walilia miaka zaidi ya kumi wakitaka gitaa, wakitaka kelele, wakitaka ile ya zamani. Wameletewa. Kitu pekee hakingeweza kurudi ndio hakikurudi, na sasa kila kitu kingine kinaonekana ni bandia.

Na kuna kitu watu hawaongelei sana. Jina From Zero linacheza na jina la kwanza kabisa la bendi, Xero, kabla waitwe Hybrid Theory na kabla waitwe Linkin Park. Na Xero ilikuwa na mwimbaji mwingine, Mark Wakefield. Huyo alitoka, wakatafuta mtu, wakatumia demo kwa chali wa Arizona. Huyo chali aliacha pati ya bathdei yake mwenyewe akaenda kurekodi sauti yake juu ya hiyo demo. Ilikuwa Machi 1999, alikuwa anafikisha miaka 23. Huyo ndiye Chester. Yeye pia alikuja kujaza nafasi ya mtu. Tofauti ni kwamba hakuna mtu wa Nairobi, wala wa mahali pengine popote, alikuwa ashapenda Xero, kwa hivyo hakuna aliyelia.

Sisemi ati Emily ni Chester. Sauti yake iko na mchanga mwingine, na akiimba "Over Each Other" peke yake ndio unaskia yeye ni nani, kuliko akipigana na ngoma za zamani kwa steji. Mimi ningependa waache "Numb" iimbwe na umati milele. Wao hawakuniuliza. 2025 waliongeza ngoma zingine kwa toleo jipya la albamu, "Up From the Bottom" ikiwa mojawapo, na tua ikaendelea.

Cuzo wangu, mwenye bathdei, bado anakataa. Anasema kwake bendi iliisha 2017 na hataki story mingi. Lakini wiki jana usiku saa saba alinitumia "Good Things Go", ile ya mwisho kwa albamu, bila neno lolote. Nilimuuliza ni aje. Akasema alifinya simu vibaya.