Kipimo cha malimau chamfaa mkulima wa Mbeya
WAPO wakulima wa mahindi Mbeya na Iringa wanaolalamika kuwa DAP haifanyi kazi. Mara nyingi kosa si la mbolea. Udongo wenye tindikali kali, pH chini ya 5.5, huifunga fosfeti, na alumini hudumaza mizizi. Fedha inapotelea ardhini.

Kifaa cha kupima tindikali hiyo, ajabu, kilitokana na malimau. Mwaka 1934 Arnold Beckman, mwalimu wa kemia wa chuo cha Caltech, Marekani, alikiunda kwa ajili ya chama cha wauza matunda. Mwaka 1935 akaanzisha kampuni.

Kabla ya kununua mbolea, mkulima achukue udongo sehemu kadhaa za shamba, auchanganye, apeleke nusu kilo maabara ya Uyole. Ikibainika pH iko chini, chokaa itangulie. Mawe yake yapo Songwe.