Kuchagua Kalibu ya Ndoana za Risasi



Karafuu zikisha kuanikwa na kuuzwa, wengi wetu hurudi kwenye mshipi. Wako wajitengenezeao nyumbani ndoana zenye kichwa cha risasi. Kazi hii yataka kalibu njema, kwani kalibu mbaya huunguza mtu.

Kalibu ya mti ni rahisi kuchonga, lakini risasi huyeyuka kwa moto wa digrii 327 za sentigredi, na mti huungua. Baada ya mara chache vichwa hutoka vibaya. Kalibu ya plasta yafaa kwa vichwa vichache, ila sharti ikaushwe kabisa. Kalibu ya alumini ndiyo idumuyo, kwani alumini haiyeyuki mpaka digrii 660. Ipashe moto kwanza, au sivyo risasi itaganda kabla ya kujaa.

Kabla ya kununua, ilaze ndoana yako ndani ya kalibu. Vipande viwili vikifunga barabara pasipo mwanga kupita, ichukue. Ndoana ikivizuia kufunga, risasi itavuja.

Maji ndiyo adui mkubwa. Tone moja ndani ya kalibu hugeuka mvuke ghafla na kurusha risasi ya moto usoni. Mvua ikianza, acha kazi.

Tena risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Yeyushia nje, simama upande utokao upepo, watoto wawe mbali. Sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.