Joto la Bahari ya Hindi na Mvua za Vuli: Mambo ya Kujua Kabla ya Oktoba

Vuli ya mwaka 2019 ilileta mvua kupita kiasi katika sehemu nyingi za Kenya. Mito ilivunja kingo, na mwezi Novemba maporomoko ya ardhi yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi. Miaka mitatu baadaye, vuli ya 2022 ilikuwa haba sana kaskazini na mashariki mwa nchi, ukawa msimu wa tano mfululizo bila mvua ya kutosha. Misimu yote miwili ilichangiwa sana na joto la maji ya Bahari ya Hindi.

Kwa kawaida, pepo za karibu na ikweta husukuma maji ya moto ya juu ya bahari kuelekea Indonesia. Hewa iliyo juu ya maji hayo hupata joto na unyevu, hupaa, kisha hufanya mawingu ya mvua huko.

Miaka mingine pepo hizo hudhoofika au hugeuka. Maji ya moto hukusanyika upande wa Afrika Mashariki, huku maji baridi yakipanda kutoka vilindini karibu na kisiwa cha Sumatra. Mawingu huelekea kwetu na vuli huwa kubwa. Wataalamu huiita hali hii Daipoli chanya ya Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakipoa na ya Indonesia yakizidi joto, Daipoli huwa hasi, na vuli mara nyingi hupungua.

Je, hili linamhusu vipi mkazi wa Tana River? Maji yanayofurika Garsen au Hola mara nyingi hayakunyesha hapo. Hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, hujaza mabwawa ya juu kama Masinga, kisha huteremka kwetu. Hivyo anga kuwa safi kijijini si dalili ya usalama.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Daipoli huanza kuonekana katikati ya mwaka, na hufikia kilele kati ya Septemba na Novemba. Ndiyo sababu Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huweza kutoa utabiri wa vuli kabla mvua hazijaanza. Huo ndio wakati wa kuchukua hatua.

Utabiri ukionyesha mvua nyingi:
- Hamisha familia, mifugo na nafaka kutoka kingo za mto mapema.
- Chanja mifugo dhidi ya Homa ya Bonde la Ufa kabla ya mvua. Mlipuko wa 1997 na 1998 ulifuata mvua kubwa.
- Zibua mitaro, na uchemshe au utibu maji ya kunywa.

Utabiri ukionyesha mvua chache:
- Uza baadhi ya mifugo wakiwa bado na afya.
- Panda mbegu zinazokomaa upesi, na uhifadhi malisho.

Daipoli si sababu pekee. El Niño nayo huongeza mvua za vuli, na mwaka 1997 hali hizo mbili zilikutana. Aidha, Daipoli haitabiri masika. Kwa hiyo, fuatilia pia utabiri wa kila wiki, na ukiambiwa uhame, usingoje kuyaona maji.