Ufundi haulipiwi ushuru mpakani

Nilipokuwa nikiishi ukimbizini Copenhagen, nchini Denmark, siku moja niliingia jumba la makumbusho ili kukimbia baridi. Ndani ya kabati la kioo nikaona bakuli la rangi ya samawati. Kitako chake kilikuwa kidogo mno, hata likaonekana kama linaelea. Nikamkumbuka mama yangu, ambaye ni mfinyanzi.

Aliyelitengeneza ni Alev Ebüzziya Siesbye. Alizaliwa Istanbul, Uturuki, mwaka 1938. Kuanzia mwaka 1958 hadi 1960 alikuwa kibarua katika viwanda vya vyombo vya udongo Ujerumani. Akarudi kwao, lakini mwaka 1963 akaondoka tena, safari hii kwenda kufanya kazi katika kiwanda cha Royal Copenhagen. Mwaka 1969 akafungua karakana yake mjini humo, na mwaka 1987 akahamia Paris.

Bakuli zake hazitengenezwi kwa gurudumu. Husokota udongo kama kamba, akaupanga duara juu ya duara na kuulainisha kwa mkono, kisha akauchoma kwa moto mkali hadi uwe mgumu kama jiwe. Mama naye alisokota vivyo hivyo uani kwetu, ila yeye alichomea kwa kuni na nyasi.

Tatizo ni kwamba mwaka mmoja kabla ya siku ile nilikuwa nimempigia mama simu, nikamwambia aachane na vyungu kwa sababu beseni za plastiki ndizo zinazotoka haraka mpakani. Niliporudi nikakuta amenitii. Shimo la udongo lilikuwa limeota majani. Nikamsimulia habari za lile bakuli. Akaniuliza: "Na huyo mama, wanawe hawakumkataza?" Nikakosa jibu.

Ndugu msomaji uliyerejea nyumbani, na wewe unayevuka na mizigo kila siku, forodhani tunakaguliwa kila furushi. Lakini ufundi ulio mikononi haulipiwi ushuru wala hauombwi pasi. Siesbye aliuvusha mipaka mara nne. Mimi niliuzima wa mama kwa simu moja tu.

Jumatatu iliyopita nilifyeka yale majani. Mama ameanza upya, nami nimeketi chini kujifunza. Mikono yake inatetemeka kidogo siku hizi. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji.