Siku Tisa Guangzhou: Aliyoyaona Mgeni Kutoka Delta ya Tana

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, na hasa mama na dada zetu mnaousoma ukurasa huu pamoja na watoto, ni nadra kumpata Mwislamu wa pwani asiyeyajua yale maneno mashuhuri yanayohimiza elimu itafutwe hata Uchina. Wanazuoni wa hadithi wameyapima maneno hayo. Imam al-Bayhaqi alieleza kuwa matini yake yameenea lakini isnadi yake ni dhaifu, na Ibn al-Jawzi akayatia katika mkusanyo wake wa hadithi za kuzuliwa. Kwa hiyo haifai kumnasibishia Mtume kwa uhakika. Hata hivyo, agizo la kutembea katika ardhi na kutazama namna Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji wake limo katika Qur'ani tukufu pasi na shaka, nalo latutosha.

Safari ya Uchina siku hizi si jambo la ajabu. Kutoka Garsen, Malindi, Lamu na Mombasa, vijana na akina mama huenda Guangzhou kununua vitambaa, viatu, simu na vyombo vya jikoni. Wengi wao wakirudi, ukiwauliza mji ukoje watakutajia bei za bidhaa. Mimi nilijaaliwa kufuatana na wafanyabiashara wanne wa kwetu, wawili wao wakiwa ni akina mama, kila mmoja na mahramu wake. Wao walikwenda kununua. Kazi yangu ilikuwa kuwasalisha na kutazama. Nayaandika haya kwa ajili ya familia zilizo na mtu njiani au zinazopanga kumtuma, kwa maana mtaji unaokwenda kule aghalabu ni ng'ombe waliouzwa, mavuno ya maembe ya misimu kadhaa, au dhahabu ya mama.

Ukubwa wa mji na mwelekeo wa kibla

Jambo la kwanza linalomshtua mgeni ni wingi wa watu. Katika hesabu ya mwaka 2020 Guangzhou ilikutwa na watu zaidi ya milioni 18. Kaunti yetu nzima ya Tana River, katika hesabu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu wasiozidi laki tatu na elfu kumi na sita. Mji ule mmoja, basi, ni kaunti yetu karibu mara sitini. Watu hao hawaonekani wote barabarani, kwa kuwa wengi wanapita chini ya ardhi. Treni za huko zilianza mwaka 1997, na leo njia zake zimepita kilomita 600. Mtu hushuka ngazi mtaa mmoja na kuibuka mtaa mwingine bila ya kuona jua.

Kando ya mto umesimama Mnara wa Canton, wenye urefu wa mita 600, uliokamilika mwaka 2010. Kiuno chake ni chembamba na kimepindapinda mithili ya kamba inayosukwa. Usiku hubadilisha rangi, na watu hujaa ukingoni kuutazama, wazee na watoto, kama watu wa Lamu wanavyobarizi jioni ufukoni.

Lakini lililonigusa zaidi siku ile ya kwanza lilikuwa jambo dogo. Sisi wa Garsen tumezoea kusali tukielekea kaskazini, kwani Makka iko juu yetu karibu sawasawa. Kule tulitandaza misala na dira ikatuelekeza magharibi, upande linakotua jua. Mmoja wa wale akina mama akasema, "Sheikh, leo ndiyo nimejua kuwa Al-Kaaba iko katikati yetu na hawa." Kauli ile ni somo zima la jiografia. Na kwa kuwa tulinuia kukaa siku tisa, tulisali sala kamili bila ya kupunguza. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na siku ya kuondoka, hupoteza ruhusa ya kuqasiri. Wasafiri wetu wengi hawalijui hilo, na ni vema waulize kabla ya kupanda ndege.

Msikiti wenye mnara wa mwanga

Katika barabara iitwayo Guangta upo msikiti wa Huaisheng. Maana ya jina lake ni kumkumbuka Mtukufu, yaani Mtume wetu. Mnara wake mweupe, wa duara, una urefu wa mita 36 hivi. Zamani mto ulikuwa karibu zaidi na hapo kuliko ulivyo sasa, na husimuliwa kuwa taa iliwashwa juu ya mnara ili kuviongoza vyombo. Husimuliwa pia kuwa wageni Waislamu walikuwa wakipanda juu yake katika majira maalumu kuomba dua ya upepo. Sisi tunaojua kusi na kaskazi hatuhitaji kufafanuliwa walikuwa wakiomba nini.

Wenyeji husema kuwa aliyeujenga ni sahaba Saad bin Abi Waqqas, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, na upande wa kaskazini wa mji liko kaburi linalonasibishwa kwake. Tuwe waadilifu katika jambo hili. Vitabu vyetu vya sira na tarikhi vinaeleza kuwa Saad alifariki al-Aqiq, karibu na Madina, akazikwa Baqii. Wanahistoria nao hawakubaliani juu ya umri wa mnara. Linalojulikana ni kuwa msikiti ulijengwa upya mwaka 1350 baada ya kuungua. Kaburi lile ni la nani, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Lisilo na shaka ni kwamba Waislamu wameishi katika mji ule kwa karne nyingi.

Ijumaa tulisali katika msikiti ulio kando ya kaburi hilo. Nilisimama safu moja na Wachina wa kabila la Hui, Waarabu, Wapakistani, Wasomali na watu wa Afrika Magharibi. Adhana ilisikika ndani ya ukuta wa msikiti tu. Nje, wachuuzi walikuwa wameshapanga mikate, nyama ya kondoo na matunda, na salamu zikawa nyingi kuliko maneno, kwa kuwa salamu ndiyo lugha pekee tuliyoshirikiana sote.

Huko pia nilielezwa habari itakayowafurahisha dada zetu. Katika mikoa ya kati ya Uchina, hasa Henan, ipo misikiti ya wanawake iliyo chini ya walimu wanawake. Mmoja wao, ulioko mji wa Kaifeng, unasemekana kuanzishwa mwaka 1820. Walimu hao huwasomesha wanawake wenzao Qur'ani na fiqhi, na huwaosha maiti wa kike. Vyuo vya akina mama katika vijiji vyetu vingenufaika kwa kuijua mifano hii.

Wala tusifiche upande wa pili. Ndugu zetu wa Xinjiang wamo katika dhiki, na ripoti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2022 ilieleza kwa urefu juu ya kufungwa kwao. Na katika Guangzhou yenyewe, Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli walizokuwa wakiishi. Mwenye kusafiri na aende akijua hayo, na aziweke hati zake sawa.

Aliyetutangulia

Si sisi wa kwanza kuiona pwani hii na kisha mji ule. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na yapata miaka 15 baadaye akasimulia habari za Guangzhou, aliyoiita Sin Kalan. Wapo wanahistoria wenye shaka kama alifika kila mahali alipopataja katika Uchina, lakini simulizi yake ina faida. Alilisifu soko la vyombo vya kaure, akaeleza mtaa wa Waislamu wenye msikiti wa Ijumaa, soko, kadhi na sheikh wao. Alistaajabu kuona watu wananunua kwa karatasi badala ya dhahabu na fedha.

Leo hata hiyo karatasi ni adimu. Muuza viazi vya kuchoma ametundika kijimraba chenye vitone vyeusi. Mnunuzi anakielekezea simu na malipo yamekwisha. Wenzangu hawakushangaa sana, kwani M-Pesa imo mifukoni mwetu tangu mwaka 2007. Ilinipendeza kuona kuwa pana jambo moja ambalo mtu wa Garsen hakuhitaji kufunzwa na mji mkubwa.

Katika duka la vyombo, mama mmoja wa Kipini aliinua bakuli nyeupe yenye maua ya buluu. Akasema kuwa vipande vya namna hii watoto wa kwao huviokota penye magofu. Alisema kweli. Magofu ya Ungwana, karibu na Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini, yalichimbwa na mtaalamu James Kirkman katika miaka ya 1950, na miongoni mwa vitu vilivyopatikana ni vyombo vya Kichina. Bibi zetu walikula katika sahani zilizotoka Uchina kabla ya kuwako barabara ya Garsen. Malindi nayo ilipeleka twiga kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415, zama za safari za Zheng He, amiri wa majahazi aliyezaliwa katika nyumba ya Waislamu wa Yunnan. Wazee wetu, kwa hivyo, walijuana na watu wale kwa kupeana, hawakuwa wanunuzi tu.

Delta yao na delta yetu

Guangzhou imejengwa katika delta, kama sisi. Mto wao, unaoitwa Mto Lulu, hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kufika baharini, na mafuriko wameyaonja. Yale ya mwaka 1915 yaliuzamisha mji wenyewe. Sisi hatuna haja ya kukumbushwa. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilizitoa familia majumbani mwao, na wengi wa wanaosoma ukurasa huu walilala chini ya maturubali.

Wakulima wa delta ile walikuwa na utaratibu wao wa kale. Walichimba mabwawa katika ardhi ya chini inayojaa maji, na udongo uliotoka wakaurundika kandokando ukawa matuta ya juu. Juu ya matuta walipanda miforsadi. Majani yake yalilisha viwavi wa hariri, uchafu wa viwavi ukatupwa bwawani ukawanenepesha samaki, na tope la bwawa likarudishwa kwenye matuta kuwa mbolea. Mahali hapo hapo palitoa hariri na kitoweo, na maji yaliyokuwa msiba yakawa na kazi. Sehemu kubwa ya mabwawa hayo imekwisha kufunikwa na viwanda, ila maarifa yake yameandikwa na yanasomeshwa.

Sisemi tukapande miforsadi Garsen. Nasema kwamba kijana wetu aliyekwenda mara tano Guangzhou na hajui kuwa mji ule umesimama juu ya ardhi kama ya kwao, amerudi na nusu ya mzigo. Bwawa la samaki, tuta lililopandwa migomba, shimo la kuhifadhi maji baada ya mto kurudi, haya si mambo yasiyowezekana kwa Wapokomo wanaolima ukingoni wala kwa Waorma wanaotafuta maji ya mifugo wakati wa kiangazi. Tuna watoto wanaosoma kilimo na uhandisi. Na waelekezwe huko.

Nasaha kwa familia

Kwa mwenye kusafiri, aanze na dini yake. Chakula cha halali kinapatikana kwa urahisi: mikahawa ya Wahui wanaovuta tambi kwa mikono imeenea mitaani, na juu ya milango yao huandikwa qingzhen, neno lenye maana ya usafi na ukweli. Akariri umbo la maandishi hayo kabla ya kuondoka.

Pili, biashara. Asilipe mali yote kabla ya kuiona, na makubaliano yaandikwe, kama Qur'ani ilivyotufunza katika aya ndefu ya deni. Katika masoko yale zipo bidhaa zilizobandikwa majina yasiyo yao. Kuzinunua na kuja kumuuzia jirani kwa jina la uongo ni ghushi, na chumo lake halina baraka hata likijenga ghorofa.

Tatu, kabla ya msafiri kuondoka, mama na watoto wampe maswali: mto wao unazuiwa vipi, wanawake wanasoma wapi dini, mkulima anafuga nini. Na atenge siku moja katika safari yake kwa ajili ya maswali hayo. Gharama yake ni nauli ya treni tu, na majibu yake hayalipiwi ushuru bandarini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, awarudishe kwa watu wao wakiwa na dini, afya na riziki ya halali, na awaondolee dhiki Waislamu wote popote walipo. Wabillahi tawfiq.